Nyusi za Tupaarnaq

Siku ya kuunda vikundi hakuna mwanafunzi anayekwenda nyumbani mpaka kila mmoja awe amepata wenzake. Ndivyo ilivyo pale chuoni Aalborg, Denmark, na ndivyo ilivyokuwa tangu wazazi wa wanafunzi wa leo walipokuwa wanafunzi. Walimu hubandika karatasi kubwa ukutani, kila karatasi na mada yake, kisha hutoka na kufunga mlango. Yanayobaki ni ya wanafunzi wenyewe. Mtu husimama chini ya mada anayoipenda, hutazama nani amesimama karibu naye, huzungumza, huhama, hurudi, huchekesha watu, na giza likianza kuingia vikundi huwa vimekamilika.

Tupaarnaq Heilmann alikuwa amebaki peke yake karibu na chupa ya kahawa. Mada yake alikuwa ameichagua mapema, ile ya kuvu inayoota kwenye kuta za nyumba, kwa sababu amekulia katika nyumba ya namna hiyo. Asubuhi alisimama chini ya karatasi yake, wengine wakaja wakasimama hapo hapo, wakaanza kuzungumza. Akangoja wamalize ili naye aseme jina lake. Hawakumaliza. Walipoondoka kwenda kutafuta viti waliondoka bila yeye, si kwa ubaya, bali kama mtu anavyosahau mwavuli.

Alijua alichokuwa akikipoteza. Mradi wa muhula ule hufanywa kwa kikundi, na mtihani wake ni wa mdomo, kikundi kizima mbele ya mwalimu na mtahini kutoka nje. Asiye na kikundi hana mradi, asiye na mradi hana mtihani, na asiyefaulu mwaka wa kwanza hufungasha mizigo yake. Kwao Maniitsoq, ng'ambo ya bahari, huko Greenland, mama yake alikuwa ameshawaambia wenzake wote wa kiwanda cha samaki kwamba binti anasomea uhandisi wa majengo, na kwamba akirudi atazirekebisha zile nyumba za ghorofa zinazowakohoza watoto.

"Nani bado?" aliuliza msichana mrefu mwenye kalamu ya wino mkononi. Huyo alikuwa Signe, na tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akiwapanga watu kama anayepanga viti vya harusi. "Sisi wa mada ya kuvu tuko watatu, tunatafuta wa nne. Wewe hapo kwenye kahawa, una kikundi?"

Tupaarnaq akakunja pua.

Kwao mtu akikataa hukunja pua, akikubali huinua nyusi, na kinywa huachiwa mambo yanayohitaji kinywa. Walimu wa Kidenmaki waliokuja kufundisha Maniitsoq walijifunza kusoma nyuso kabla theluji ya mwaka wao wa kwanza haijayeyuka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia Tupaarnaq kwamba jambo hili lina mipaka yake.

"Kwani kahawa imechacha?" aliuliza kijana mmoja aliyekuwa nyuma ya Signe, na watu wakacheka.

"Sina kikundi," akasema Tupaarnaq.

"Basi njoo. Unataka kuja kwetu?"

Akainua nyusi. Kisha, alipoona bado wanamtazama, akasema, "Ndiyo. Asante."

Yule kijana, Jeppe, akageuka taratibu akaangalia nyuma ya bega lake. "Nilidhani umeona mzimu umesimama nyuma yangu," akasema.

Ulikuwa utani mzuri, usio na sumu, na Tupaarnaq naye alicheka. Wa tatu wao, Villads, hakucheka. Alikuwa ameshafungua kompyuta na kuanza kuandika mpango wa kazi.

Walipewa chumba kidogo chenye meza, ubao, na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Kabla hata ya kugawana sura za mradi, Signe alipanga zamu ya keki. Kila Ijumaa mmoja wao alete keki aliyoioka kwa mikono yake mwenyewe, maana kikundi kisichokula pamoja, alisema Signe, hugombana kabla ya Krismasi.

Kidenmaki hakikuwa kigeni kwa Tupaarnaq. Alikuwa nacho tangu darasa la kwanza, na sekondari alikipatia alama za juu. Kitabu kizima cha hesabu za joto na unyevu aliweza kukisoma akiwa amelala chali. Maneno hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba hakuona pa kuingilia. Kwao mtu akimaliza kusema, wengine hutulia kidogo. Yaliyosemwa huachwa yatue chini. Ndipo mwingine hufungua kinywa, na kumdakia mtu kabla maneno yake hayajatua ni sawa na kumnyang'anya tonge mkononi. Katika chumba kile hakuna kilichotua. Signe alimmalizia Jeppe sentensi zake, Jeppe alimkatiza Villads, Villads alisema "hapana, ngoja" kabla hajajua anakataa nini, na wote watatu walionekana kustarehe. Tupaarnaq alitengeneza sentensi yake, akaipanga, akaikagua, akangoja. Nafasi ilipoonekana, mazungumzo ya msingi wa nyumba yalikuwa yameshafika kwenye paa.

Siku moja walikwama. Nyumba walizokuwa wakizichunguza zilikuwa na matundu ya kupitishia hewa katika kila chumba, tena ya kisasa, na bado kuta zilikuwa nyeusi kwa kuvu.

"Matundu yapo, hewa inaingia," alisema Signe. "Sasa kuvu inatoka wapi?"

Tupaarnaq alijua. Kwao tundu la hewa lilikuwa juu ya kitanda chake, na kila mwaka baridi ilipoanza mama yake alilishindilia soksi ya sufu, kwa sababu kilichoingia hapo hakikuwa hewa bali barafu tupu. Jengo zima lilifanya hivyo. Mpaka leo akifumba macho aliweza kuiona ile soksi ya kijivu ikichungulia ukutani.

"Kwetu," alianza.

"Samahani, sekunde moja," alisema Villads, "nimepata jedwali."

"Tutarudi kwako, Tupaarnaq," alisema Signe na kumwelekezea kalamu. "Usisahau ulichotaka kusema."

Hakusahau. Wao ndio waliosahau. Majani yalipoanza kupukutika Villads aliingia chumbani bila hata kuvua koti, na ripoti mkononi. "Sikilizeni hii. Wenyeji wanayaziba matundu wenyewe. Kwa matambara. Wanaogopa baridi."

Signe akapiga meza kwa kiganja. "Ndiyo hiyo. Hapo ndipo mradi wetu ulipo. Villads, wewe ni kichwa."

Tupaarnaq akainua nyusi, juu kabisa, kwamba ndiyo, ndivyo ilivyo, ni kweli kabisa.

"Mwone," alisema Jeppe. "Hata Tupaarnaq ameshangaa."

Angeweza kusema wakati ule kwamba alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mtu anayesema "nilijua" baada ya mwenzake kusifiwa huonekana mwizi. Badala yake jioni hiyo akaandika kurasa kadhaa za sura yake kwa uangalifu mkubwa. Villads alizirekebisha ili zifanane na kurasa nyingine. Alipozirudisha, lililobaki la Tupaarnaq lilikuwa maelezo chini ya picha.

Ijumaa ya zamu yake alioka keki ya zabibu kavu, kama anavyooka mama yake nyumba inapofunguliwa kwa wageni siku ya kuzaliwa kwa mtu. Waliimaliza yote. Signe aliomba aandikiwe namna ya kuipika. Jeppe alikusanya makombo kwa kidole, akalamba, akasema, "Kusema kweli, mpaka sasa huu ndio mchango wako mkubwa kuliko yote."

Alisema akicheka. Chini ya meza Signe alimpiga teke, na Tupaarnaq, aliyekuwa tayari kucheka naye, aliliona teke lile. Utani ungepita. Teke halikupita, kwa sababu lilimjulisha kwamba jambo hilo walishalizungumza asipokuwepo.

Jumapili alikwenda kwa mama yake mdogo. Karoline aliishi ng'ambo ya daraja, Nørresundby, na alifanya kazi ya usafi hospitalini. Alikuja Denmark akiwa na umri wa Tupaarnaq, akimfuata mwanamume ambaye siku hizi hakuna aliyemtaja. Jikoni palinuka supu ya nyama ya sili, yule mnyama wa bahari ya baridi, na mchele. Nyama aliletewa na baharia mmoja wa meli za mizigo, na hakutaka kuulizwa zaidi ya hapo.

"Wanaongea sana, eh?" aliuliza Karoline huku akipakua.

Tupaarnaq aliinua nyusi.

"Na wewe unangoja zamu yako."

Nyusi tena.

"Hakuna zamu, mwanangu. Mimi nilingoja zamu mpaka nikachoka, mwisho nikaambiwa mimi ni mpole. Unajua huku mpole ni nani? Ni mtu wa kupewa vyoo. Wewe dakia. Sema lolote. Kama mvua inanyesha, sema mvua inanyesha. Hawa wanapenda sauti, ukinyamaza wanadhani umewachukia."

"Nikisema upuuzi?"

"Utakuwa umefanana nao. Kula, supu inapoa. Na hayo mambo ya uso uyaache mlangoni. Uso wangu mimi sasa ni wa kupaka mafuta tu."

Akaamua kumfundisha hapo hapo mezani. Yeye Karoline angezungumza, na Tupaarnaq amdakie katikati. Akaanza habari ya jirani yake wa ghorofa ya chini na mbwa wake asiyebweka. Akasema, akasema, akavuta pumzi, akasema tena. Tupaarnaq alikaa na kijiko mkononi, midomo imefunguka, akingoja habari ya mbwa ifike mwisho.

"Nidakie basi."

"Wewe ni mama yangu mdogo."

"Mimi sasa hivi ni Mdenmaki. Naitwa Jeppe."

"Jeppe hana kifua kikubwa hivyo," alisema Tupaarnaq, na Karoline akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Hapo," alisema akijifuta macho. "Hapo ndipo. Kesho ufanye hivyo hivyo."

Kesho yake Tupaarnaq alipanda basi akiwa na sentensi moja tayari. Ilihusu madirisha ya upande wa kaskazini, kwamba hesabu zake zifanywe peke yake kwa sababu jua haliyafikii, na ilikuwa sentensi nzuri, yenye faida kwa mradi. Aliirudia kimoyomoyo njia nzima. Aliingia chumbani, akakaa, akatazama meza ili uso wa mtu yeyote usimvunje moyo. Villads alikuwa akizungumza. Tupaarnaq hakusikiliza alichokisema, kwani angesikiliza angengoja amalize. Alivuta pumzi kama anayeruka majini.

"Madirisha ya kaskazini yahesabiwe peke yake," alisema kwa sauti kubwa.

Chumba kikanyamaza. Utulivu alioutafuta muhula mzima ulikuwa wake wote, na mara moja akajua kwamba amekosea. Aliinua macho. Villads alikuwa amesimama na funguo za baiskeli mkononi, macho mekundu. Alikuwa akiwaeleza kwamba bibi yake ameanguka bafuni, yuko hospitalini, na hamtambui mtu.

"Samahani," alisema Tupaarnaq. "Samahani, mimi sikuwa…"

"Sawa," alisema Villads.

"Tutaongea madirisha baadaye," alisema Signe taratibu, kwa sauti wanayotumia watu kumwondoa mtoto sebuleni.

Baada ya hapo hakujaribu tena. Alifika mapema, alifuta ubao, alileta kahawa. Kila walipomuuliza jambo alijibu kwa neno moja, na kila alipojisahau alijibu kwa uso, na wao waliacha kuuliza kidogo kidogo kama bomba linavyofungwa.

Siku ya kikao alichokiitisha kuhusu hali ya kikundi, Signe alifunga mlango na kusukuma kompyuta kando. Hapakuwa na keki.

"Tuzunguke meza," alisema. "Kila mtu aseme anajisikiaje katika kikundi. Mmoja mmoja. Hakuna kumkatiza mwenzako."

Walizunguka. Jeppe alisema yuko sawa, ila amechoka. Villads alisema, akitazama mikono yake, kwamba mtihani umekaribia, kwamba mtahini huuliza yeyote amtakaye, na kwamba mmoja akishindwa kujibu wote wanashuka. Signe alisema hakuna anayemchukia mtu. Alisema alijaribu, kweli alijaribu. Alisema anapomtazama Tupaarnaq anaona mtu ambaye hapendi kuwa pale, na kwamba kulazimishana si haki kwa yeyote. Sauti yake ilikuwa laini, naye hakuwa akiigiza. Aliyasema yote hayo karibu kulia.

"Kwa hiyo tunakuuliza wewe," alisema. "Unataka kuendelea na sisi?"

Kisha wakanyamaza. Wote watatu walimgeukia, wakaweka mikono mezani, wakangoja. Zamu aliyoingoja tangu siku ya chupa ya kahawa ilikuwa imefika, wazi, isiyo na wa kuikatiza.

Tupaarnaq aliinua nyusi. Aliziinua kwa moyo wake wote, kwa soksi ya kijivu na ghorofa za Maniitsoq na mama yake aliyesimama na kisu kwenye mstari wa samaki kiwandani. Hakuwahi kukubali jambo lolote namna ile. Signe alimtazama usoni kwa makini akitafuta jibu, na alichokiona ni msichana aliyeshtuka.

Sema, alijiambia. Lakini maneno ya Kidenmaki yaliyokuwa yakimjia moja moja, kwa foleni nzuri, siku ile yalikuja yote kwa pamoja, yakabanana mlangoni, na hakuna lililopita.

"Hutaki kusema?" aliuliza Signe.

Akakunja pua. Hapana, si hivyo, si kwamba sitaki.

Villads aliona pua ile. Alivuta kiti chake nyuma. "Basi," alisema kwa upole, "tusilazimishane."

"Nitaongea na Birgitte leo," alisema Signe, akaanza kukusanya karatasi, "kwa sababu msimamizi lazima ajue, halafu kuna utaratibu wa kuandika peke yako, wengine wameshafanya…"

"Nataka," alisema Tupaarnaq.

Lilitoka neno moja, dogo, chini ya sauti ya Signe. Jeppe alilisikia. Alimtazama Tupaarnaq, akamtazama Signe aliyekuwa bado akizungumza. Akageukia dirishani akatazama baiskeli.

Birgitte, msimamizi wao, alimpokea mchana uleule. Alimkaribisha kiti, akamwambia amwite Birgitte tu, kama alivyomwambia mara zote, na Tupaarnaq kama mara zote hakuweza, akabaki bila jina la kumwitia. Inaruhusiwa kuandika peke yake, alisema Birgitte. Mada mpya, hesabu mpya, tarehe ileile. Na mtihani ungekuwa wake peke yake pia, azungumze yeye muda wote mbele ya watu wawili.

"Sitakudanganya, si wengi wanaoweza," alisema. "Lakini mlango wangu uko wazi. Una swali lolote?"

Tupaarnaq alikunja pua. Birgitte aliendelea kumtazama kwa tabasamu la kungoja, mpaka simu ilipolia.

Alivuka daraja kwa miguu, upepo ukimsukuma ubavuni. Karoline alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi.

"Vipi, leo si siku ya… Mwanangu. Wamekutoa?"

Tupaarnaq aliinua nyusi, kidogo tu, na Karoline akaelewa yote. Hakuuliza tena. Alimvua koti, akalitundika, akamketisha jikoni. Akawasha jiko, akateleka maji.

Simu iliita kabla maji hayajachemka. Ilikuwa Maniitsoq. Mama yake alipenda kupiga akitoka zamu, akiwa bado na kitambaa kichwani, na alipenda kupiga kwa video ili aone kama binti anakula. Picha yake ilitokea kwenye meza ya Karoline, ikakatika vipande vipande, ikasimama, ikaendelea.

"Uko kwa mama yako mdogo? Vizuri. Huku theluji imefika madirishani. Nimeziba tundu la chumbani kwako, ingawa najua utanigombeza." Alicheka. "Wale wenzako wazima? Mtihani mtaingia wote pamoja?"

Tupaarnaq aliitazama simu. Uso wake ulifanya wenyewe kile ulichojua kufanya. Pua ikakunjika.

"Umeganda," alisema mama yake. "Mtandao wa leo haufai. Naona kivuli tu, sikuoni uso. Niambie kwa mdomo, mwanangu."

Karoline alisimama kwenye jiko akiwa amewapa mgongo, mwiko mkononi.

Sasa lugha ilikuwa yake. Maneno yalikuwa yale aliyonyonya nayo, hayakuhitaji kupangwa wala kukaguliwa, na ng'ambo ya bahari mama yake alikuwa akingoja jinsi watu wa kwao wanavyongoja, bila kuuliza mara ya pili, bila kuguna, bila haraka yoyote. Ingeweza kupita saa nzima naye angengoja tu.

"Mama," alisema Tupaarnaq.

Mama yake alingoja.

"Mama, sijui nifanye nini."

Sauti hiyo ilifika, ilionekana wazi kwamba imefika, kwa sababu mama yake kwenye kioo cha simu aliondoa kitambaa kichwani na kukishika mkononi. Maneno yakaachwa yatue. Maji yakaanza kuchemka, Karoline akayaacha yachemke. Na mama yake, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo la samaki na la baridi, naye hakujua afanye nini; akavuta kiti, akaketi karibu na simu.